Kitufe cha Pili

Bwana Entwistle wa Bolton ana magari manne
na masikio yaliyobakia robo.
Yote manne yana jina moja: herufi moja, tarakimu moja,
kibandiko kisichozidi kidole gumba, nyuma, juu ya buti.
Ajuaye anajua. Asiyejua huona gari la mhasibu.

Ameyaleta gereji, chini ya tao la reli,
yamepangwa kama ndugu kwenye picha ya harusi
ambao hawasemezani.
"Matatu yaondoke," ananiambia. "Nishauri libaki lipi."
Mvua inapiga bati la mlango. Callum, kijana wetu wa Farnworth,
anajifanya anachemsha chai ili asikilize vizuri.

La kwanza nalifungua boneti kwa adabu.
Silinda sita zimesimama foleni moja, zimenyooka,
zilifungwa kwa mikono ya watu wenye majina.
Halina haraka ya kujisifu. Chini ya mizunguko elfu nne
linakohoa kikohozi cha karani;
vuka hapo, na chui anavua ngozi ya kondoo
katikati ya barabara ya Chorley.
Kutu imeanza kula kizingiti. Hilo pia nimelisema.

La pili naliruka. Nitalirudia.

La tatu ni manju. Silinda kumi!
Ukilikanyaga, vioo vya duka la chipsi vinatetemeka,
na mshale wa petroli unazama kama jua la Desemba.
Nimelibadilishia beringi mara mbili,
nikaona vumbi la shaba liking'aa ndani ya oili
kama mapambo ya mtu aliyefilisika.
Hili lipende ukiwa na pesa, au ukiwa huna akili.
Mimi, nakiri, nililipenda.

La nne lina miezi saba. Kipya kinyemi.
Lina uzito wa tani mbili na ushee,
linaondoka kwa umeme, kimya, kama mwizi aliyevaa soksi,
na ukilihimiza, mngurumo unatoka kwenye spika.
Injini inaigiza injini.
Callum anasema ndilo lenye kasi kuliko yote, na hasemi uongo:
lingewaacha kaka zake kabla hawajameza mate.
Lakini Bwana Entwistle ameweka kiganja juu ya boneti,
anangoja, kama daktari anayetafuta mapigo,
na uso wake haubadiliki.
Siku hizi anasikia kwa mkono.

Haya, la pili.
Silinda nane, gia za mkono, ngozi ya kiti imepasuka ubavuni
pale watu wanapoteremkia. Si zito, si jepesi,
halipigi kelele, halinong'oni. Kwenye karatasi
lingeshindwa na hili au lile katika kila safu.
Nilikuwa karibu kusema hivyo.

Pembeni mwa kiti kuna vitufe vitatu vya kumbukumbu.
Cha kwanza ni chake, futi sita na ushee.
Akabonyeza cha pili.
Kiti kikasogea mbele, polepole, kikapanda,
usukani ukainama, vioo vikageuka chini
vikimtafuta mtu mfupi
mwenye desturi ya kuchungulia ukingo wa njia akiegesha.
"Winifred," akasema, kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wasemavyo.
Kiti kilikuwa kimeshamaliza kumpisha. Kimetulia.

Treni ya Blackburn ikapita juu ya vichwa vyetu.
Ushauri wangu hakuuliza tena.

Kuna jambo sijamwambia.
Machi iliyopita betri ya gari hili ilikufa.
Kuing'oa na kuweka nyingine ni kazi ya dakika kumi.
Lakini kabla sijashika spana niliunga betri ndogo pembeni,
waya mwekundu, waya mweusi, umeme usikatike hata nukta.
Ni mazoea tu. Kila gari nalifanyia hivyo,
ili redio isisahau stesheni zake.
Nilimtoza pauni tano za ziada.
Alilalamika.